Tathmini ya TaRL: saa ya ziada kwa watoto waliobaki nyuma, inapofaa na inapoharibika

Shule nyingi zikitaka kuwasaidia watoto waliobaki nyuma huanza kwa kuongeza muda. Kengele ya kuondoka inasogezwa mbele, wazazi wanachangishwa, na mwalimu anaendelea na mada ileile aliyoiachia asubuhi. Mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma sentensi anaongezewa saa mbili mbele ya ubao asioweza kuusoma. Muda umeongezeka, lakini kwake hakuna kilichobadilika.

TaRL (kifupi cha Kiingereza cha Teaching at the Right Level, yaani kufundisha katika kiwango sahihi) ni mpango wa kuutumia muda huo kwa namna nyingine: mtoto anafundishwa kulingana na kiwango alichofikia, si darasa alilopo. Kwa shule za umma zenye watoto wengi wa familia maskini tunaupa alama za juu kuliko twisheni ya kawaida ya aina yoyote. Alama hizo zina masharti.

Asili yake ni India, kwenye shirika la Pratham lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanakijua kipimo chake hata kama jina ni geni, kwa kuwa tathmini za kusoma na kuhesabu za mpango wa Uwezo, ulioanzishwa Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2009, ziliigwa kutoka hukohuko. Zambia iliuingiza shuleni kwa jina la Catch Up, kuanzia na majaribio ya mwaka 2016, kwa darasa la tatu hadi la tano.

Kazi inaanza na kipimo cha mdomo, mtoto mmoja mmoja. Karatasi ina herufi au silabi, maneno, aya fupi na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Anza na aya. Mtoto akiisoma kwa mtiririko, makosa yasizidi matatu, mpe hadithi. Akikwama, mwonyeshe maneno asome matano. Akipatia manne, yuko ngazi ya neno. Akishindwa, rudi kwenye herufi kwa kanuni hiyohiyo. Kusoma na hesabu kwa pamoja huchukua kama dakika kumi, kwa hiyo watoto 60 ni kazi ya siku mbili kwa walimu wawili wasioacha vipindi vyao. Hapa ndipo uharibifu wa kwanza hutokea. Mwalimu mwenye huruma anamtajia mtoto silabi ya kwanza, au anawapima wote kwa karatasi moja mbele ya wenzao, na watoto watano wa mwisho wanaghani aya waliyoisikia. Andaeni angalau karatasi tatu tofauti, na mpimie nje, chini ya mti au kwenye varanda.

Matokeo yakishapatikana, madarasa yanavunjwa kwa saa hiyo moja. Wa tatu, wa nne na wa tano wanachanganywa: wanaoanza (walioshindwa hata herufi) na wa herufi kundi moja, wa neno kundi la pili, wa aya na hadithi kundi la tatu. Kundi likizidi watoto 30 mwalimu hawezi tena kumsikia kila mmoja akisoma, na kumsikia kila mmoja ndiko kunakofanya kazi. Makundi yapewe majina ya wanyama au miti, kamwe yasiitwe la kwanza na la mwisho. Na mwalimu hodari zaidi apewe wanaoanza. Wakuu wengi wa shule hufanya kinyume, humpeleka huko mgeni au wa kujitolea aliyefika jana.

Somo lenyewe ni la saa moja, watoto wakiwa wamekaa duara kwenye mkeka. Dakika kumi za mazungumzo: mwalimu anaandika neno moja katikati, tuseme "soko", watoto wanataja yanayohusiana nalo, naye anayaandika pembeni. Kisha anasoma aya kwa sauti huku kidole kikifuata maneno, watoto wanarudia, halafu mmoja mmoja anajaribu. Inafuata chati ya silabi na mchezo wa kurukia silabi zilizochorwa sakafuni kwa chaki, kisha vikundi vya watoto watano watano, na mwisho kila mmoja anaandika alichosoma au alichosema. Mwalimu asiwanyime wanaoanza ile aya eti kwa sababu bado hawajui herufi. Wanaisikia lugha nzima kabla ya kuivunja vipande, na hamu ya kusoma inatoka hapo.

Kiswahili kinanufaika na njia hii kuliko lugha nyingi, kwa kuwa kinasomwa kama kinavyoandikwa. Chati ya ba, be, bi, bo, bu ikikaa vizuri, mtoto anaweza kusoma "babu" na "kalamu" ndani ya wiki chache. Kwikwi huja kwenye mb, nd, nj, mw, kw, sh, ny, na hasa ng na ng'. Mtoto aliyekuwa akienda vizuri anafika kwenye "ng'ombe" na "nyumba", anasimama, na mwalimu anadhani amesahau yote. Hajasahau. Silabi hizo zinahitaji chati yake ya pili, baada ya ile ya kwanza kukaa, na kwa wiki mbili zisichanganywe na nyingine mpya. Ambapo nyumbani kinazungumzwa Kimasai, Kisukuma au Kiturkana, dakika za mazungumzo ziongezwe mara mbili, maana mtoto anaweza kutamka neno vizuri kabisa bila kujua lina maana gani.

Hesabu ina vifaa rahisi: vijiti 100 kwa kila kikundi, raba bendi za kufungia makumi, chati ya namba 1 hadi 100. Angalieni hesabu ya 42 kutoa 17. Watoto wengi watajibu 35, kwa kuwa wanatoa namba ndogo kwenye kubwa kila safu bila kujali ipi iko juu. Kumrudishia daftari lenye alama ya kosa hakumsaidii. Mpe mafungu manne na vijiti viwili, mwambie atoe 17. Atalazimika kufungua fungu moja, na atabaki na 25 mkononi. Baada ya hapo ndipo "kukopa" kwenye daftari kunaeleweka. Walimu wanaoruka vijiti kwa sababu vinachelewesha hujikuta wakirudia kutoa mwaka mzima.

Je, inaleta matokeo? Inategemea nani anaifanya na saa ngapi, na majaribio ya India yanaonyesha hivyo waziwazi. Katika jimbo la Uttar Pradesh zilifanyika kambi za siku 10 au 20, jumla siku 50 kwa mwaka, zikiongozwa na watumishi wa Pratham na wasaidizi wa kijijini. Mwishoni takribani nusu ya watoto waliweza kusoma aya au hadithi, ilhali kwenye shule za kulinganishia walikuwa kama robo. Jimbo la Haryana walitumia walimu wa serikali kwa saa moja iliyoongezwa kwenye ratiba. Kusoma Kihindi kulipanda kidogo, hesabu haikusogea. Na kugawa vitabu vya mpango na mafunzo pekee, bila wasaidizi na bila saa maalumu, huko jimbo la Bihar hakukuleta chochote. Kwa hiyo shule ikiambiwa "tumewaletea TaRL" na kilichokuja ni boksi la vitabu, ijue bado haijaletewa.

Wilaya ya Jaunpur, hukohuko Uttar Pradesh, inatufundisha jingine. Vijana wa kujitolea walifungua madarasa ya kusoma nje ya muda wa shule. Watoto waliohudhuria waliendelea vizuri sana, lakini waliokuja walikuwa wachache. Hii ndiyo kasoro kubwa ya kila kipindi cha jioni kwa watoto maskini. Saa tisa mtoto huyo anasubiriwa kuchota maji, kulisha mbuzi au kumshika mdogo wake mama akiwa gengeni. Hajala tangu asubuhi. Msichana anayetembea kilomita nne atafika kwao giza likiingia, na mzazi anayemkataza ana haki. Ndiyo maana tunapendelea saa iwe ndani ya ratiba, asubuhi ikiwezekana. Ikilazimika kuwa baada ya masomo, kikombe cha uji kitangulie, na saa kumi kamili watoto wawe njiani. Mchango wowote, hata wa shilingi mia mbili, utawaondoa walewale waliokusudiwa. Kwa Kenya kuna sheria pia: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo, kwa hiyo kambi ya likizo isipangwe kienyeji bila ofisi ya elimu kuhusishwa.

Mpango huu una mwisho wake, na wanaouuza kama dawa ya kila kitu wanaukosea. Unamfikisha mtoto kusoma hadithi na kugawanya namba. Haumwandai kwa mtihani wa darasa la saba, wala hautoshi kwa sayansi ya sekondari. Shule ambayo karibu watoto wote wa darasa la nne wanasoma vizuri haiuhitaji. Watano sita waliobaki wanatoshwa na mwalimu mmoja na kona ya maktaba.

Kwa atakayeanza: upangeni wa siku 30 za masomo, pimeni tena siku ya 15 na ya 30, na mtoto aliyepanda ahamishwe kundi siku hiyohiyo, asisubiri mwisho wa muhula. Orodha ya ngazi ibandikwe ofisini, isibandikwe darasani, na ijadiliwe kwenye vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) kwa shule za Tanzania zinazovifanya. Mtoto anayebaki kwenye silabi baada ya duru mbili huku akihudhuria vizuri, apimwe macho na masikio kabla ya kuanzishiwa ya tatu.