Uzoefu wangu na Barnyard: katuni ya madume wenye viwele

Nianze na hukumu, asiye na muda asome hapa aendelee na shughuli zake. Barnyard naipa nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo wameitoa watoto wa kaka yangu, mimi nimeibeba tu kwa niaba yao. Ni katuni yenye makosa ya wazi, vichekesho vingine vya chooni, na uhuishaji ambao hata mwaka 2006 ilipotoka haukuwa wa kumshangaza mtu. Ila ina kitu kimoja katikati yake ambacho kilimnyamazisha baba yangu mzazi, mtu ambaye huwa anaongea na televisheni kuanzia taarifa ya habari mpaka matangazo ya sabuni.

Kwa wasioijua: ni katuni ya kompyuta ya dakika tisini hivi, imeandikwa na kuongozwa na Steve Oedekerk, Mmarekani aliyewahi kushiriki kuandika Bruce Almighty, na ilitolewa na Paramount pamoja na Nickelodeon. Hadithi iko kwenye shamba moja la Marekani. Mkulima akiwepo, ng'ombe, nguruwe na wenzao wanatembea kwa miguu minne na kula majani kwa adabu. Akigeuka tu, wanasimama kwa miguu miwili, wanaongea, na usiku ghala linageuka ukumbi wa disko. Otis, sauti ya Kevin James, ni ng'ombe kijana asiyetaka jukumu lolote maishani. Ben, sauti nzito ya Sam Elliott, ndiye aliyemwokota akiwa ndama na kumlea, naye ndiye kiongozi wa shamba na mlinzi wa uzio dhidi ya koyote, wale bweha wa Amerika.

Sasa tuje kwenye viwele. Otis ni dume. Ben ni dume. Marafiki zao watatu wanaoiba gari na kwenda kuzurura mjini ni madume. Na wote wana viwele. Si kivuli, si kosa la mchoraji aliyechoka, ni kiwele kamili cha waridi chenye chuchu, kinaning'inia tumboni kila wanaposimama, na kamera haikikwepi. Sisi tuliitazama Tukuyu, nyumbani kwa wazazi, likizo ya shule, mvua inanyesha kama kawaida ya Rungwe na hakuna pa kwenda. Baba anafuga ng'ombe wa maziwa tangu kabla sijazaliwa. Anajua mtamba upi yuko kwenye joto kwa kumsikia tu sauti akiwa bado kitandani. Otis alipotokea mara ya kwanza akiteleza mlimani juu ya ubao, baba akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni Otis, babu," akajibu mdogo. "Ndiye sterling."

"Jike?"

"Hapana babu, ni mwanaume."

Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwambieni aliyechora aje hapa nimwonyeshe."

Kuanzia hapo nilijua kazi ninayo. Wakosoaji wengi wa Marekani nao walilishikia bango jambo hilo hilo, na kuna waliolichukulia kama dalili ya uzembe wa filamu nzima. Wengine wanasema ni utani, usichukulie kwa uzito. Mimi naona tatizo la kiwele ni kubwa kuliko biolojia. Hii ni hadithi ya mwana kujifunza kuwa baba. Kila kitu ndani yake kinahusu uzito wa mwanaume anayesimama mlangoni usiku ili wengine walale. Halafu wameondoa fahali. Mtu aliyewahi kuona fahali halisi akisimama kati ya kundi na kitu kinachokaribia anajua hakuna haja ya kumwongezea chochote ili atishe. Walikuwa na umbo hilo mkononi wakalitupa kwa ajili ya kicheko kimoja kinachorudiwa filamu nzima.

Jambo la pili lililomsumbua baba ni mkulima. Filamu inatueleza kwamba mkulima huyu hagusi nyama wala chochote kitokacho kwa mnyama, ndiyo maana shambani kwake hachinjwi mtu. Nilipomtafsiria hilo akakaa kimya kidogo kisha akauliza, "Sasa anafuga ili iweje?" Sikuwa na jibu, na filamu nayo haina. Nadhani waandishi walihitaji tu kuondoa kisu kwenye hadithi ili watoto wasiulize maswali, lakini kwa watu wa vijijini, ambao wanajua chakula cha mifugo kinagharimu kiasi gani, ndiyo kwanza wameleta swali kubwa zaidi. Nani analipia hayo majani?

Hayo yote nayaweka upande mmoja. Upande wa pili kuna Ben.

Ben ana zamu ya usiku. Anakaa juu, anaangalia uzio, ana gitaa, na kuna mahali anaimba wimbo wa mwanamuziki wa roki wa Marekani, Tom Petty, wa kukataa kurudi nyuma, Sam Elliott mwenyewe akiuimba kwa sauti yake ile kavu isiyojifanya ya mwimbaji. Otis ana zamu siku hiyo lakini kuna sherehe ghalani, anataka kwenda. Ben haanzi kufoka. Anamsimulia usiku alipomkuta peke yake, ndama mdogo, kisha anamwacha aende, yeye abaki. Koyote wanakuja usiku huo huo wakiongozwa na Dag, wanavamia banda la kuku. Ben anapambana nao peke yake. Muziki wa ghalani uko juu kiasi kwamba hakuna anayesikia.

Ben anakufa. Samahani kwa asiyeitazama, lakini huwezi kuielezea filamu hii bila kusema hilo, na mzazi anapaswa kulijua kabla hajawaweka watoto mbele ya skrini. Mkulima anamzika mlimani. Aliyetazama The Lion King ya mwaka 1994 atautambua mfupa wa hadithi mara moja, na ni kweli mfupa umeazimwa. Tofauti ni kwamba hapa hakuna hila ya mtu mwingine, hakuna mjomba mwovu. Kijana alikwenda kucheza disko, basi.

Hapo ndipo baba alipoacha kuongea. Kule utotoni kwake walikuwa wanalinda ndama kwa zamu usiku, yeye na kaka zake, na mara zote kulikuwa na mmoja aliyekuwa anatoroka kwenda ngomani. Hakusema kama ni yeye. Aliomba tu tusogeze nyuma kidogo, tuangalie tena pale Ben anapomwambia kijana aende.

Baada ya mazishi wanyama wanamchagua Otis awe kiongozi, na yeye anaendelea na sherehe. Kisha linakuja tukio ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote: Dag anampa mkataba. Tutakuja mara moja moja, anamwambia, tutachukua kuku huyu, sungura yule, wewe utaangalia pembeni. Ukileta ubishi, tutawamaliza wote. Ni tukio fupi, giza, bila kichekesho hata kimoja, na Otis anatetemeka kweli. Katuni ya watoto inauliza swali ambalo viongozi wa mitaa yetu wanaulizwa kila siku na watu wenye nguvu kuliko wao. Angalau Otis anaonyesha aibu. Mwisho anakwenda mwenyewe kuwafuata kwenye dampo lao la magari mabovu, na sitasema zaidi.

Watoto, kwa upande wao, hawakujali lolote kati ya haya. Hadhira yangu ilikuwa na miaka kati ya mitano na kumi na mbili, na walicheka mahali ambapo mimi nilikuwa natazama saa. Bibi Beady, jirani anayewaona wanyama wakifanya vituko dirishani kwake na mume wake haamini, aliwavunja mbavu. Kicheche Freddy, ambaye rafiki yake mkubwa ni jogoo Peck na kila saa anapigana na hamu ya kumtafuna, amekuwa jina la utani la mmoja wao mpaka leo, na mwenyewe halipendi. Safari ya gari la wizi huku polisi wakiwafukuza waliirudia mpaka mama akatishia kuzima umeme. Yule wa kati, ambaye si mtu wa kulia ovyo, alijifunika kanga ya bibi yake Ben alipoanguka, na alipoulizwa akasema ana mafua.

Nimeeleza hadhira yangu kwa urefu kwa sababu nadhani inafanana na ile ya Marekani. Filamu ilitoka tarehe 4 Agosti 2006, na wakosoaji waliipiga. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji, maoni mazuri ni kama asilimia 22 tu. Kumbuka mwaka ule ulijaa wanyama wanaoongea: kulikuwa na Over the Hedge, The Wild, Ice Age ya pili, Open Season, na Happy Feet iliyokuja kuchukua Oscar. Mkosoaji anayelipwa kuzitazama zote alikuwa amechoka kabla hajafika kwa Otis, na namwelewa. Lakini wazazi waliojipanga kwenye dirisha la tiketi na watoto wao hawakuwa wanalinganisha. Wiki yake ya kwanza ilishika nafasi ya pili kwa mauzo, nyuma ya Talladega Nights. Iligharimu takriban dola milioni 51, ikarudisha zaidi ya milioni 70 Marekani pekee na kuvuka milioni 115 duniani kote. Mwaka 2007 Nickelodeon wakaanzisha mfululizo wake wa televisheni, Back at the Barnyard, uliokwenda hadi 2011. Kulikuwa hata na mchezo wa PlayStation 2.

Wapo watakaosema hiyo inathibitisha wakosoaji hawajui kitu. Sikubali. Walichosema kuhusu viwele, kuhusu mfupa wa kuazima na kuhusu muziki unaopigwa ili kuziba mashimo ya hadithi, vyote ni kweli, na nikiitazama peke yangu nisingefika mwisho. Ila mtu anayeandika uhakiki hukaa peke yake na daftari. Filamu hii haikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa peke yake. Inahitaji kelele za watoto juu yake ili isikike vizuri.

Kuna mfano wa upande wa pili, nao unanisikitisha kila nikiufikiria. Shaun the Sheep Movie ya mwaka 2015, kazi ya studio ya Aardman ya Uingereza, ni katuni nyingine ya wanyama wa shambani. Kondoo wamechoka na ratiba, wanamlaza mkulima usingizi, mambo yanaharibika, mkulima anapotea mjini bila kumbukumbu, nao wanalazimika kuvaa nguo za watu na kumfuata. Imetengenezwa kwa vinyago vinavyosogezwa kidogo kidogo kwa mkono, na hakuna neno hata moja linalozungumzwa filamu nzima. Wakosoaji karibu wote waliipenda, na ikateuliwa kuwania Oscar. Marekani haikufikisha hata dola milioni 20. Yaani Barnyard, ile waliyoiponda, ilikusanya kule zaidi ya mara tatu yake.

Kwa nyumba yenye wazee na wageni wasiojua Kiingereza, Shaun ndiyo ningeanza nayo. Hakuna wa kutafsiri na hakuna wa kutafsiriwa, na mkulima wake anakata watu nywele mjini kama anavyowanyoa kondoo, jambo ambalo baba alilicheka mpaka akakohoa. Barnyard inataka mtafsiri. Vichekesho vyake vingi viko mdomoni, Wamarekani wanaongea haraka, na mtoto wa darasa la sita anayesoma shule ya Kiingereza anaweza kukutafsiria maneno lakini utani ukafia njiani. Kama unaye mtu mwenye kipaji cha kutia maneno ya Kiswahili papo kwa papo, kama wale wa vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu mitaani, mweke karibu na televisheni.

Ushauri kwa wazazi. Chini ya miaka sita, kaa nao. Koyote wanakuja usiku, macho yanang'aa, na kifo cha Ben hakifichwi. Daisy, ng'ombe mjamzito aliyempoteza mume wake, anazaa mwishoni, na tukio limefanywa kwa staha. Baba alilalamika tu kwamba ndama ametoka msafi mno. Matusi hakuna, ila kuna mizaha ya hewa chafu na wanyama wanakunywa kwenye sherehe zao kwa namna ambayo mtoto mwerevu ataielewa.

Na kama baada ya hapo watakudai ule mfululizo wa televisheni, jiandae kwa jambo moja. Otis yumo na kiwele chake, ingawa sauti imebadilika. Bibi Beady yumo. Lakini Daisy hayumo, mahali pake kuna ng'ombe mwingine anaitwa Abby, na hakuna anayeeleza mke wa watu ameenda wapi. Nilijaribu kuwaambia kahamia shamba lingine. Wakauliza, na mtoto je? Nikawaambia wamuulize babu yao.