Rangi ya kutia nguo: ipi ununue, ipi uiache rafuni

Kabla ya kuuliza rangi inang'aa vipi, uliza itabaki kiasi gani kwenye nguo. Isiyobaki huondoka na maji ya kusuuza, na mtaroni ndiko uchafuzi unakoanzia. Mimi nazipanga hivi.

Kwa pamba na kitani, namba moja ni rangi za riaktivu zenye ndoano mbili. Rangi hizi huungana kikemikali na uzi wenyewe; ndoano ndiyo sehemu ya chembe ya rangi inayoshika. Shida ni kwamba chembe nyingine huungana na maji kabla ya kuufikia uzi, na ikishakuwa hivyo haina kazi tena. Ya ndoano moja inaweza kuacha asilimia 20 hadi 40 majini. Yenye mbili, moja ikikosa, nyingine hunasa, na mara nyingi hushika zaidi ya asilimia 80. Chagua iliyoandikwa kwamba inahitaji chumvi kidogo. Kawaida huingia gramu 50 au zaidi za chumvi kwa lita ya maji, na mitambo ya kawaida ya majitaka haiitoi chumvi.

Kwa sufu, hariri na nailoni, chukua rangi za asidi na siki yako. Sufuria ikitulia vizuri, maji hubaki karibu meupe, rangi yote imehamia kwenye nguo. Zenye kromiamu, metali nzito, ziache.

Rangi za mimea naziweka namba tatu, na najua wapo watakaonuna. Majani na mizizi hayana neno; angalia unachoshikishia rangi. Shabu sawa. Mrututu una shaba, na shaba ni sumu kwa samaki.

Poliesta? Nunua iliyotiwa rangi kabla uzi haujatengenezwa, basi.

Mkiani kabisa iko pakiti ya "vitambaa vyote". Kwa kawaida ndani mna mchanganyiko wa rangi za asidi na za dairekti, yaani zinazoshika pamba. Ukiloweka pamba, ile ya asidi haina pa kushika. Shati langu lilifika suuza ya saba maji yakiwa bado mekundu. Nililipia rangi ya kumwaga.

Pakiti isiyo na karatasi ya usalama usiiguse. Kwa sheria ya mwaka 2002, Umoja wa Ulaya ulizuia rangi za azo (kundi kubwa la rangi za viwandani) zinazoweza kutoa amini, kemikali za kusababisha saratani, na bila karatasi hutajua ulichoshika.

Halafu pima kwa mizani: gramu 2 hadi 4 za unga kwa gramu 100 za kitambaa kikavu zinatosha rangi nyingi. Nyeusi ndiyo hula hadi 8.