Diski ya kung'olea rangi: uzoefu wangu kwenye geti la mama, Tanga

Geti la mama limepakwa rangi juu ya rangi tangu nikiwa shule ya msingi. Kijani, bluu, kisha kahawia, na chini yake kutu inayoletwa na hewa ya chumvi. Safari hii nilikataa kupaka juu tena.

Fundi niliyemwita mwanzo alifunga diski ya msasa wa vipande kwenye grenda. Dakika chache ikaziba. Rangi ya mafuta ikipata joto inalainika kama ulimbo, inajaa kwenye msasa, na diski inabaki kuchoma tu. Akakandamiza zaidi, na ilipopata njia ikala chuma. Shiti ya geti ni geji 18, unene wa milimita 1.2 hivi, haina cha kupoteza. Alipokandamiza pana bonde linaloonekana hadi leo jua likilala.

Nikanunua ile diski nyeusi ya nyuzi ngumu, yenye matundu kama dodoki. Niliilipia karibu mara tatu ya bei ya diski ya msasa, na sijutii. Vumbi la rangi linatoka kupitia yale matundu, kwa hiyo haizibi, na kwa kuwa nyuzi zinanepa, inang'oa rangi na kutu bila kuchimba chuma. Ilaze kidogo tu, iache uzito wa grenda ufanye kazi. Upande mmoja wa geti niliumaliza asubuhi moja.

Udhaifu wake ni kingo. Ikigusa ncha kali ya chuma bapa inamegeka, na diski yangu ya kwanza iliisha hivyo kabla ya wakati. Kwenye kona na maua ya nondo nilihamia brashi ya waya ya kikombe. Hiyo nayo ina hila: inaing'arisha kutu mpaka unadhani ni chuma kisafi, kumbe vishimo bado vimejaa. Tena inarusha waya. Mmoja niliukuta umechoma aproni yangu usawa wa tumbo. Miwani peke yake haitoshi, vaa na kinga ya uso. Kabla ya kununua soma kasi iliyoandikwa kwenye brashi; grenda ya diski ya milimita 115 huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika, na brashi nyingine kubwa hazijatengenezwa kwa kasi hiyo. Angalia na hesi, yaani ile mizunguko ya skrubu inapofungwa brashi: grenda hiyo kwa kawaida ni M14 (upana wa milimita 14), ile ndogo ya milimita 100 ni M10.

Jambo linaloniuma ni vumbi. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na risasi inadhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Mafundi wengi wanakwangua wamejifunga kitambaa tu usoni, watoto wamesimama wanatazama cheche. Mimi nilivaa barakoa ya vichujio, wajukuu wa mama wakaenda kwa shangazi yao, nikatandika turubai chini, na jioni nikafuta sakafu kwa maji badala ya kufagia.

Nilifuta chuma kwa tina na kupaka rangi ya kuzuia kutu siku ileile. Kipande nilichokiacha wazi usiku kucha, karibu na bawaba, asubuhi kilikuwa kimeshageuka rangi ya chungwa, ikabidi nikirudie.