Kisanduku cha mate cha kupima jeni za Parkinson: kinamfaa mtu wa Unguja na Pemba?

Kisanduku hiki kinaingia visiwani mkononi mwa jamaa. Aliye London au Toronto anakuja likizo nacho, akampa mzazi ambaye mkono umeanza kutetemeka, au ndugu wa mgonjwa wanaotaka kujua kama "imo kwenye damu". Tunazungumzia kipimo cha 23andMe, toleo la afya, ambalo bei yake ya tangazo kwa miaka mingi ilikuwa dola 199. Aprili 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kampuni hiyo kuwauzia watu taarifa ya Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoleta mtetemeko na ukakamavu, moja kwa moja, bila ya kupitia kwa daktari. Kifaa chenyewe kimetengenezwa vizuri. Jibu lake kwa mtu wa Makunduchi au Wete ndilo lenye pengo kubwa.

Tuanze na kichupa. Kina mdomo mpana wa kutemea, mfano wa ule wa kumiminia mafuta ya taa, na kifuniko chenye maji ya kuhifadhi DNA. Nusu saa kabla ya kutema usile, usinywe, usivute, usitafune kitu wala usipige mswaki. Tambuu na ugoro vimo katika katazo hilo, na kahawa ya barazani pia. Mate yafike kwenye mstari bila ya kuhesabu povu, na hapo ndipo wengi wanapokosea: kichupa kinaonekana kimejaa, kumbe nusu yake ni povu. Kigonge taratibu mezani povu litulie, kisha ongeza. Funga kifuniko kwa nguvu mpaka kilie na maji yamwagike ndani, toa ule mdomo, weka kizibo kidogo, tikisa sekunde tano. Mchana wa Ramadhani kinywa ni kikavu, basi ngoja usiku, nusu saa baada ya kula. Mgonjwa mwenyewe akae wima na ashikiwe kichupa. Ndugu wawili wakipima pamoja, andikeni jina kwenye karatasi pembeni ya namba ya kila kichupa kabla ya kutema. Vikishachanganyika, majibu ya mmoja yatasomwa kwa jina la mwengine. Na kibandiko cha posta kilicholipiwa kabisa ni cha nchi kilikonunuliwa, kwa hiyo aliyekuja nacho arudi nacho.

Sasa majibu. Taarifa ile iliyoruhusiwa 2017 inatazama mabadiliko mawili tu: G2019S katika jeni ya LRRK2, na N370S katika jeni ya GBA1. Yote mawili yanajulikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, na lile la kwanza pia kwa Waarabu na Waberber wa Afrika Kaskazini. Mwenye nasaba ya Omani asichukulie kuwa hesabu ya Morocco na Algeria ni yake. Hata aliye na G2019S si lazima augue. Wengi wanazeeka nayo salama.

Mwaka 2023 utafiti uliochunguza watu wa Nigeria na wenye asili ya Afrika walioko Marekani ulionesha badiliko jengine la GBA1, rs3115534. Mwenye nakala moja hatari yake ilikuwa kama mara moja na nusu ya asiye nayo, mwenye mbili kama mara tatu na nusu. Badiliko hilo halimo katika yale mawili. Kwa hiyo karatasi ikiandika kuwa hakuna kilichoonekana, mzee wa Kiswahili hajaambiwa kuwa yuko salama. Ameambiwa kuwa hana vitu viwili ambavyo kwake havikutarajiwa sana.

Kuna pengo la pili, na visiwani lina uzito. Parkinson inayoanza mapema, kabla ya miaka 40 au 50, mara nyingine hutokana na jeni ya PRKN, ambapo mtoto hurithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama. Penye ndoa za mtoto wa ami na mtoto wa mjomba, hilo linawezekana zaidi. Ubovu wa PRKN mara nyingi ni kipande kizima cha jeni kukosekana, na kipimo kinachosoma herufi za DNA mojamoja hakikioni. Hapo inahitajika maabara inayohesabu vipande.

Kurithi peke yake hakumalizi habari. GBA1 inatengeneza kimeng'enya cha lisosomu, yaani jaa la seli. Kimeng'enya kikipungua, protini ya alfa-sinukleini hurundikana, na maikroglia, walinzi wa ubongo, huwaka. Moto huo wa kinga, inflamesheni, ukidumu, huunguza seli zilizo jirani zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo. LRRK2 nayo inafanya kazi ndani ya seli za kinga, na imehusishwa pia na ugonjwa wa utumbo wa Crohn na ukoma. Lakini kipimo cha CRP, kile cha damu kinachoonesha inflamesheni mwilini, hakitambui Parkinson. CRP hupanda hata kwa jino bovu. Wala usimpe mzee ibuprofen kila siku kwa sababu utafiti wa 2011 uliona kuwa miongoni mwa waliokuwa wakiitumia, waliougua Parkinson walikuwa wachache zaidi. Haijathibitika kuwa tiba, na figo na tumbo la mzee vinaumia.

Jengine ni siri. Kipengele cha kutafuta jamaa kiache kimefungwa: katika kisiwa kidogo kinaweza kufichua nasaba ambayo familia haikuijua. Mwaka 2023 taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 ziliibiwa, na Machi 2025 kampuni iliomba kinga ya kufilisika. Ukimaliza kusoma, ingia kwenye mipangilio ufute data na uombe sampuli iharibiwe.

Hukumu yetu: kama mgonjwa tayari anatetemeka, usikinunue. Parkinson hutambuliwa kwa macho na mikono ya daktari: wepesi wa viungo umepungua, pamoja na mtetemeko au ukakamavu, na jinsi mwili unavyoitikia levodopa, dawa kuu ya maradhi haya. Mpelekeni hospitali ya Mnazi Mmoja, au Abdulla Mzee kwa walioko Mkoani, na mfuko wake wote wa dawa. Metoclopramide ya kichefuchefu, cinnarizine ya kizunguzungu na haloperidol ya maradhi ya akili zinaweza kuleta hali inayofanana kabisa na Parkinson. Daktari akiziona ataamua ipi ya kuacha, msizikate wenyewe. Chukueni na video mbili za simu: mzee akigonganisha kidole gumba na cha shahada kwa sekunde kumi, mkono mmoja mmoja, na akitembea hatua kumi kisha akageuka.