Barakoa Tatu na Ndevu Zangu: Uzoefu Wangu na Vumbi la Kukereza

Nilianza kukereza mbao nikiwa nimejifunga kitambaa puani. Jioni nikipenga kamasi, naujua mti wa siku hiyo kwa rangi: mpingo mweusi, mninga kahawia. Nilikuwa nacheka. Mvule ndio ulioninyamazisha. Bakuli moja tu, na wiki nzima macho yanawasha, kifua kimebana.

Patasi yenyewe haina neno sana, kwa sababu maranda yanaruka na kuanguka sakafuni. Kazi mbaya ni msasa. Mti unazunguka kwa kasi, na unga unaotoka ni laini kiasi kwamba mwingine huuoni mpaka jua lipenye dirishani. Nilipokuja kujua kwamba tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa ya ndani ya pua, kitambaa nilikitupa.

Nikanunua barakoa ya N95. Kichujio chake hakina tatizo, kinazuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana. Lakini miwani yangu ilipata ukungu kila mara, na ukungu huo ni taarifa: hewa inatokea juu ya pua, basi na vumbi linaingilia hapo hapo. Kubana ule waya wa puani kulisaidia kidogo. Kwa mtu wa kazi fupi fupi inatosha, ila aikaze vizuri na atumie mikanda yote miwili (nimewaona wengi wanaoacha wa chini ukining'inia).

Ya pili ilikuwa ya mpira, yenye vichujio viwili vya P100, vinavyozuia asilimia 99.97 ya chembe. Nikajisifu. Kisha nikaijaribu: unaziba vichujio kwa viganja, unavuta pumzi, na barakoa inatakiwa inywee kidogo na kung'ang'ania uso. Yangu haikunywea hata chembe. Hewa ilikuwa inapita kwenye ndevu! Fedha yote ile, na mlango uko wazi kidevuni. Nikanyoa, ikakamata barabara, na sijawahi kupumua hewa safi vile mbele ya mashine. Baada ya siku tatu vijinywele vimechomoza, inavuja tena. Jambo jingine, vichujio vilivyotokeza mashavuni vinagongana na kioo cha kukinga uso, na kukereza bila kioo ni kutafuta balaa.

Sasa natumia kofia yenye feni na betri. Feni inavuta hewa kupitia kichujio na kuimwaga usoni, hivyo hewa inasukuma kutoka ndani kwenda nje. Ndevu zinabaki, miwani haina ukungu. Kabla ya kununua hakikisha kioo chake kimepimwa kwa kugongwa na kitu kinachoruka, maana vingine ni vya vumbi tu, na bakuli lenye ufa likipasuka haliulizi. Kasoro zipo: shingo inachoka, feni inavuma sikioni, na betri iliyoahidiwa saa nane kwangu inakata ya tatu. Kichujio cha awali, kile kinachonasa vumbi kubwa kabla ya kichujio kikuu, kikijaa, upepo unafifia, kwa hiyo nakikagua kila asubuhi.

Kosa lililonichukua muda kuliacha ni kuivua mara tu mashine inaposimama. Vumbi laini linaelea kwa saa kadhaa baada ya kazi, na ukishika ufagio unaliamsha upya. Navaa mpaka nimalize kusafisha, na bomba la kunyonya vumbi naliweka karibu kabisa na mti.

Ile ya mpira sikuiuza. Vichujio vya vumbi havizuii mvuke, kwa hiyo siku ya kupaka vanishi naifunga vichujio vya mkaa. Na siku hiyo nanyoa.