Mtori wa jirani na hospitali, Moshi

Siku 11 sasa mume wangu amelazwa, na homa haijajulikana inatoka wapi. Kila asubuhi nafuata mtori kwenye kibanda cha mama mmoja nje ya geti. Ni mzito, ndizi zimepondwa zikalainika, nyama ya mfupa imeiva kwa kuni hadi inachomoka yenyewe. Chapati zake ngumu, ziache.

Juzi machozi yalinitoka mezani. Mama hakuniuliza kitu. Alifuta meza, akaniongezea bakuli, akakaa kando yangu kimya. Baadaye akasema, "Kunywa mwanangu, Mungu hajalala." Nikanywa. Tangu hapo nimeacha kumuuliza Mungu kwa nini. Namkabidhi mgonjwa wangu, nanyamaza.

Ukija, wahi kabla ya saa mbili. Beba chupa ya chai, atakujazia mtori wa mgonjwa.