Uzoefu Wangu: Siku Nane Kwenda Kilele cha Margherita, Rwenzori

Nililipia safari ya kuongozwa ya siku nane kwenda kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, kilichopo kwenye mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nilirudi nikiwa nimeridhika zaidi na watu walionipeleka kuliko na vifaa nilivyokodishwa.

Anayedhani theluji ndiyo kazi kubwa ya mlima huu hajakutana na matope yake. Tulianzia Nyakalengija, na baada ya kibanda cha kulala wapandaji kiitwacho John Matte tuliingia kinamasi cha Bigo, ambako penye mbao mtu hupita vizuri, na pasipo mbao huruka kutoka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine. Gambuti nilizokaribia kuziacha nyumbani ndizo nilizovaa siku nyingi, huku viatu vyangu vya ngozi, vilivyonigharimu fedha nyingi, vikibebwa na mpagazi hadi kibanda cha Elena.

Waongozaji wetu, wote Wakonzo, wenyeji wa milima hii, walistahili kila senti. Kiongozi wao alipanga mwendo kwa kusikiliza pumzi yangu, na nilipojifanya sijachoka aliniambia tu, "Kaa kwanza, kaka, unywe maji."

Lalamiko langu linahusu meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu ili mtu asiteleze kwenye barafu. Nilikuwa nimeipelekea kampuni kipimo cha viatu vyangu wiki tatu kabla, lakini pale Elena, katika mita 4,541, saa nane usiku na vidole vikiwa vimekufa ganzi, niligundua kwamba meno yale yalikuwa makubwa mno na kifungo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevunjika. Mwongozaji alikifunga kwa kamba ya nailoni iliyofungia blanketi lake. Kamba ililegea mara mbili kwenye mteremko wa barafu ya Margherita, tukapoteza karibu saa nzima, na tulipofika kileleni wingu lilikuwa limeshapanda kutoka upande wa Kongo. Nilikiona kibao cha kilele na, kwa dakika chache, kilele jirani cha Alexandra.

Tukishuka, mwongozaji alinionyesha kwa fimbo mahali barafu ilipoishia alipoanza kazi. Sasa ni mwamba mtupu unaoteleza, na kamba zimefungwa hapo za kushikilia. Tangu Duke wa Abruzzi, mpanda milima kutoka Italia, afike kileleni mwaka 1906, barafu hiyo imepungua sana, kwa hiyo kifaa kibovu kina hatari pande zote mbili, kwenye barafu na kwenye mwamba.

Kampuni ilinirudishia ada ya kukodi bila ubishi, ingawa haikueleza ni nani aliyepaswa kuvikagua vifaa hivyo. Ningesafiri tena na waongozaji walewale, ila safari hiyo meno ya chuma nitayafunga kwenye viatu vyangu mwenyewe pale Nyakalengija, kabla mpagazi hajabeba mzigo.